Masika Husomwa kwa Siku

Kaskazi imelegea. Upepo uliovuma tangu Desemba kutoka upande wa Arabuni na India sasa unakuja kwa vipindi na kukatika. Mabaharia wa pwani huziita siku hizi maleleji: asubuhi bendera ya jahazi inaelekea huku, alasiri inaelekea kule, na mchana katikati inaning'inia tu. Kusi bado haijafika. Bahari kati ya Lamu na Mtwara iko karibu na kilele cha joto lake la mwaka, nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, na unyevu unaopanda kutoka humo ndio unaotunyima usingizi usiku.

Tarehe 20 au 21 Machi jua la utosi litavuka Ikweta. Nchi za mbali kaskazini zitaihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Huku kwetu, nyuma ya jua hilo unafuata Ukanda Mvua, yaani ule mkanda wa mawingu unaojengeka pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na kulazimika kupanda juu. Januari na Februari hukaa kusini, ukinyeshea Ruvuma, Mbeya na kaskazini mwa Msumbiji. Machi unarudi. Ukanda wa Ziwa Victoria ndio huanza kuloa, mwanzoni mwa mwezi au hata kabla. Kilimanjaro, Arusha na Manyara hufuata. Pwani ya kaskazini, kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga pamoja na Unguja na Pemba, hupata mvua yake ya kweli katika nusu ya pili ya Machi, na mzigo wenyewe huja Aprili. Mombasa husubiri zaidi. Kilele chake ni Mei.

Hiyo ni ramani ya wastani, na wastani haujawahi kumnyeshea mtu shambani. Anayetaka kujua apande lini, aanike lini au avuke lini anahitaji kujua siku zinazokuja: kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Nina hoja moja kuhusu siku hizo, na naiona ya haraka. Masika ni msimu mgumu kuutabiri kwa miezi, lakini siku zake zinaonekana mapema kuliko wengi tunavyodhani. Sisi tumeweka masikio yetu kwenye ule utabiri mgumu na kuuacha ule unaoweza kutuokoa.

Tazama jinsi habari za mvua zinavyotufikia. Kabla ya msimu, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana chini ya kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, katika kongamano linalofanyika tangu 1998. Kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita wanahabari na kutangaza mwelekeo wa masika kwa kila kanda. Kenya nayo hutangaza wa kwake. Jioni ile habari inakwenda kwa maneno matatu au manne: mvua juu ya wastani, mvua chini ya wastani. Magazeti yanaipa ukurasa wa mbele. Baada ya hapo, taarifa ya kila siku na ile ya siku kumi zinasomwa mwishoni mwa habari, wakati watu wameshainuka kwenda kunawa mikono wale.

Tatizo liko katika msimu wenyewe. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, zina kamba mbili za kushika: El Niño katika Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, ambayo wanasayansi waliieleza kwa kina mwaka 1999. Zikikaa vibaya pamoja, kama mwaka 1997, mafuriko yanaweza kuonekana miezi kabla hayajafika. Masika hayana kamba kama hizo. Mwezi wa Machi bahari zinabadilika, upepo unageuka, na ishara za mbali zinafifia. Ndiyo maana utabiri wa msimu huu huandikwa kwa uwezekano. Tuseme umetangazwa uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuwa juu ya wastani, 35 wa kuwa wastani na 20 wa kuwa chini yake. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi yenye dalili kama za mwaka huu, miaka minne au mitano ingekuwa na mvua nyingi na miaka miwili ingekuwa mikavu. Mkulima wa Handeni akisikia tu kwamba mwaka huu mvua ni nyingi, ile miaka miwili imefutwa masikioni mwake kabla hajashika jembe.

Mifano miwili inatosha kuonyesha kinachoamua masika. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki wa Madagaska. Vikiwa huko, vilisaidia kuvuta upepo wa magharibi wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo hadi juu ya Kenya na Tanzania. Wakati huohuo wimbi kubwa la mawingu ambalo huzunguka dunia katika ukanda wa tropiki kwa siku 30 hadi 60, na ambalo Roland Madden na Paul Julian waliligundua mwaka 1971, lilikuwa katika hali ya kuchochea mvua upande wetu. Kenya ikapata mojawapo ya masika yake mazito zaidi. Mei 9 bwawa likapasuka Solai, kaunti ya Nakuru, na kuua watu zaidi ya 40. Mwaka uliofuata, usiku wa Machi 14 kuamkia 15, kimbunga Idai kilipiga Beira. Hicho kilikaa ndani ya Mlango wa Msumbiji, upande wa magharibi wa Madagaska, na kuvuta unyevu kwenda kusini. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi zilizika watu zaidi ya elfu moja. Afrika Mashariki ilibaki ikitazama mawingu makavu, na maeneo mengi hayakupata mvua ya kueleweka hadi Aprili ilipokaribia kwisha.

Miaka miwili, mwezi uleule, vimbunga katika bahari ileile. Tofauti ilikuwa ni upande gani wa Madagaska. Hakuna aliyeweza kulijua jambo hilo Januari. Lakini siku tano au saba kabla, kimbunga kinaonekana na njia yake inachorwa. Wimbi la Madden na Julian nalo hufuatiliwa likisogea, na huweza kutoa fununu ya wiki mbili hivi. Masika yanajengwa na matukio ya namna hii, yanayokuja na kuondoka ndani ya siku, na siku ndicho kipimo kinachoyafaa.

Mkulima ndiye anayeumia kwanza. Mvua mbili nzito za mwanzo wa Machi humshawishi yeyote: ardhi imelainika, jirani ameshaanza, bei ya mbegu dukani inapanda. Mahindi yanachipua, halafu jua linarudi siku kumi na mbili mfululizo na kuyaunguza yakiwa na majani matatu. Kupanda tena ni gharama, na mara nyingi mbegu ya pili huwa ya kukopa. Wataalamu wa kanda hii wana kipimo chao cha kusema mvua imeanza: angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa siku saba au zaidi katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya kwanza mkulima anaiona kwa macho. Ya pili haonyeshwi na anga ya leo hata kidogo. Anaipata, kwa kiasi cha kutosha kuamua, katika taarifa ya siku kumi, ambayo Mamlaka huiandaa pamoja na ushauri wa kilimo na ambayo wakulima wengi hawajawahi kuiona. Ukiniuliza pesa ya umma iende wapi katika sekta hii, ningeanza na karatasi hiyo moja: ifike kwa bwana shamba na bibi shamba wa kila kata, isomwe kwenye redio za jamii kwa lugha ya watu, na isomwe asubuhi.

Msimu wenyewe umekuwa ukibana. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010, masika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki yalielekea kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, Kenya, Somalia na Ethiopia zilipoteza misimu mitano ya mvua mfululizo. Kisha 2024 ikaja na maji. Msimu ukishakuwa mfupi, siku tano za kuchelewa kupanda si jambo dogo, na siku tano za kuwahi vilevile.

Mjini hesabu ni nyingine. Mamlaka ikitangaza mvua kubwa, huwa inamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Namba hiyo inasikika ndogo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 290. Mvua ya milimita 50 juu ya bonde lote ni zaidi ya lita bilioni 14. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama kwenye mchanga na mashamba. Sasa yanaangukia mabati, lami na sakafu za saruji, kisha yanakimbilia Jangwani. Mto unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Mtu aliyesimama Kariakoo chini ya anga nyeupe anaweza kufikiwa na maji ya mvua ambayo hakuiona wala kuisikia.

Kuna jambo la pili, ambalo wavuvi wa Kunduchi wanalijua vizuri na wapangaji wa miji hawalitaji vya kutosha. Machi ni mwezi wa bamvua kubwa. Jua likiwa karibu na Ikweta, mwezi mwandamo na mwezi mpevu huinua maji ya bahari kuliko kawaida ya mwaka, na katika pwani yetu bamvua hujaa kuelekea saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri. Mvua za pwani nazo hupenda saa za usiku wa manane hadi asubuhi, tofauti na za bara ambazo hungoja joto la mchana. Kwa hiyo ziko siku chache, zinazojulikana kwa tarehe kutoka kwenye majedwali ya maji, ambapo mvua ya usiku inaweza kushuka Msimbazi na kukuta mdomo wa mto pale Salenda umefungwa na bahari. Mvua ile ile katika siku ya maji mafu ingepata pa kutokea. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo. Utabiri wa mvua wa siku tatu upo. Kuviweka viwili hivyo kwenye taarifa moja ya mkoa, kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo hadi Mei, ni kazi ya saa chache mezani.

Mafuriko ya Kenya ya 2024 yalionyesha pengo hilohilo kwa uchungu mkubwa zaidi. Mvua kubwa ilikuwa imetangazwa. Usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwenye mkondo ulioziba, yaliachia ghafla na kufagia nyumba karibu na Mai Mahiu. Makumi ya watu walikufa wakiwa wamelala. Tanzania, siku nne kabla, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Anga ilikuwa imesomwa. Mifereji, makalavati na matuta hayakuwa yamesomwa. Utabiri unaoishia kwenye milimita unamwachia mama mwenye watoto wanne afanye hesabu ya haidrolojia usiku wa manane.

Na bado, siku chache tu baadaye, tuliona jinsi mambo yanavyoweza kwenda vizuri. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilijijenga mashariki ya pwani ya Tanzania na kupewa jina la Hidaya. Kimbunga kufika kwetu ni nadra, kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukisokota. Mamlaka ilianza kutoa taarifa zikiwa zimebaki siku za kutosha, ikataja mikoa kwa majina, ikarudia taarifa hizo kila kilipobadilika. Boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari. Wavuvi walivuta vyombo juu. Mei 4 Hidaya ikagusa Mafia, nguvu zake zikiwa zimepungua.

Linganisha na Aprili 1872. Katikati ya mwezi ule, kimbunga kilipiga Unguja bila taarifa yoyote. Kilizamisha merikebu bandarini, zikiwemo za Sultani Barghash, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika kiti, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na tangu wakati huo karafuu ikawa ya Wapemba zaidi kuliko ya Waunguja. Usiku mmoja wa masika ulihamisha uchumi wa kisiwa kizima kwenda kisiwa cha pili. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Watu wa miaka hiyo hawakukosa akili wala uzoefu wa bahari. Walikosa siku tatu za kujua. Sisi tunazo.

Katika Ziwa Victoria siku tatu ni nyingi. Huko hata saa kumi na mbili zinatosha. Usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu inayolizunguka, upepo hutiririka kutoka pande zote kuelekea katikati, na ngurumo hujengeka juu ya maji wakati ambapo wavuvi wa dagaa na sangara wako kazini. Kuanzia 2017, mradi ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulizikutanisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kuandaa utabiri wa ziwa kwa maeneo yake: usiku huu upepo wa nguvu gani, mawimbi ya kimo gani, mvua upande upi. Taarifa ziliwekewa rangi na kusomwa kwa lugha za mwaloni. Huo ndio ufundi ninaoutaka kila mahali. Mvuvi wa Ukerewe hana haja na neno wastani. Anataka kujua kama atoke saa moja jioni au alale nyumbani.

Najua wapo wanaosema wazee walikuwa na elimu yao na inatosha. Ladislaus Chang'a, ambaye sasa ni Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, aliichukulia elimu hiyo kwa uzito. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti kutoka Rungwe na Kilolo, ambako wakulima walitaja kuchanua kwa miti ya mihemi kati ya Julai na Novemba kuwa ishara ya msimu mzuri, na mwenendo wa ndege dudumizi kuwa miongoni mwa dalili bora za mvua. Magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi wamekaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa kulinganisha dalili zao kabla ya kuzungumza na wakulima. Naliheshimu jambo hilo kwa sababu moja zaidi: mzee wa Nganyi anaaminiwa na watu wake, na taarifa isiyoaminiwa haina tofauti na taarifa isiyotolewa. Ila dudumizi wa Kilolo hajui kinachojengeka kaskazini mwa Madagaska. Setilaiti ya Meteosat, inayopiga picha ya Afrika nzima kila baada ya dakika 15 au pungufu, inakiona.

Basi hizi siku zinazokuja zisomwe hivi. Kwanza, angalia neno lililotumika. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu tofauti, kila moja na rangi yake, manjano, chungwa na nyekundu. Kinachopanda ni ukubwa wa madhara na uhakika wa kutokea. Mwanamke wa Jambiani mwenye mwani juu ya kamba anaweza kufanya mengi kwa angalizo tu: akausogeze chini ya turubai leo, kwa kuwa mwani uliokaribia kukauka ukinyeshewa hupoteza bei. Taarifa ikisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hiyo si sentensi ya mazoea, ingawa tumeisikia mara nyingi. Ngalawa haijatengenezwa kwa mita mbili. Angalia tarehe ya kutolewa pia. Katika Machi, utabiri wa Jumatano unaosambazwa kwenye simu siku ya Jumapili umeshakufa.

Usitarajie uambiwe mtaa na saa. Mvua ya tropiki huzaliwa na wingu moja linalopanda haraka. Linaweza kulowesha Mbezi na kuiacha Tegeta na vumbi. Mtabiri anayekuahidi saa nane kamili anakudanganya, na asiyekutajia kwamba Alhamisi hadi Jumamosi ukanda mzima una uwezekano mkubwa wa mvua kubwa hajafanya kazi yake. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana ya kuzibua mfereji, kuhamisha magunia ya unga kwenye meza, kuahirisha kumwaga zege, kununua mbegu bila kuzifungua.

Wenyeviti wa mitaa ya mabondeni wanayo nafasi hiyo pia. Misikiti na makanisa yana vipaza sauti vinavyofika hadi nyumba ambazo simu zake zimezimika kwa kukosa chaji. Ofisi za kata zina vibao vya matangazo vyenye makaratasi ya mwaka juzi. Ijumaa na Jumapili hizi, kati ya sasa na mwisho wa Mei, dakika mbili za kusoma taarifa ya siku tano kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida na majina ya mito ya pale pale, hazihitaji bajeti wala kibali kutoka Dodoma.